Barua ya Kuthibitisha Kwamba Sili Mbwa

Uyole, Jumapili mchana. Juni, 1974.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Kanisani tuliimba huku mvuke unatutoka midomoni, na baridi ya alfajiri imeunguza maharage yangu yote mpaka yamekuwa meusi. Siku nyingine ningeyasikitikia. Leo sina nafasi hiyo. Leo nina kinyaa, kile cha kweli, kinachokaa kooni hakimezeki wala hakitemeki.

Nimechukizwa na watu watatu. Wa kwanza ni Bibi Margit. Wa pili ni jirani yangu Ngonyani. Wa tatu ni mimi mwenyewe, na huyo ndiye anayenikera kuliko wote kwa sababu siwezi kumfungia mlango.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Nikiandika kwa hasira peke yake, nikija kusoma hata mimi sitaelewa.

Mbwa anaitwa Oto. Ni wa aina ya Kijerumani inayoitwa dakshundi: mwili mrefu, miguu mifupi kama ya kigoda, masikio yanayoburuzika kwenye umande. Alikuwa mali ya mwenye shamba la tumbaku huko Iringa. Mashamba yalipochukuliwa na serikali, yule bwana alipanda ndege akaenda kwao, na mbwa akamwacha amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Alikaa pale siku ngapi hakuna anayejua. Waliomkuta wanasema alikuwa ametafuna ile nguzo. Nilipoelezwa habari hiyo nilitamani kutema mate, ila nilikuwa sebuleni kwa watu.

Sebule yenyewe ilikuwa ya Bibi Margit. Yeye na wenzake wachache, wake wa wataalamu na wa wamisheni hapa Mbeya, wanajitolea kukusanya mbwa walioachwa namna hiyo na kuwatafutia nyumba. Walibandika tangazo kanisani kwetu, nami nikaenda.

Sasa niseme ukweli, hapa nani ananisikia? Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa majivuno. Tangu mume wangu afariki mwaka jana nimekuwa yule mjane wa nyumba ya mwisho kwenye mstari wa nyumba za walimu. Nilitaka watu wapate jingine la kusema. Waseme Mwalimu Agnesi ana mbwa wa Kizungu. Nilifikiria mbwa mkubwa, kifua mbele. Nikapewa Oto, aliyejikojolea kwa woga nilipomwinamia.

Nusura nimwache pale pale.

Wiki tatu za kwanza aliishi uvunguni mwa kitanda changu. Alikula nikimpa mgongo tu. Nikigeuka, anaacha bakuli anarudi gizani. Akisikia mnyororo wa baiskeli barabarani, anatetemeka mpaka kitanda kinatikisika. Nilimlaani sana. Nilikuwa napanga foleni asubuhi nzima kupata unga wa yanga, ule wa njano unaonuka ghala, halafu namsongea ugali mbwa asiyetaka hata kunitazama usoni. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Halafu jioni moja nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, nilihisi kitu cha uvuguvugu juu ya mguu. Alikuwa ameweka kidevu chake pale. Sikusogea. Nilisahihisha madaftari ya darasa zima mguu umekufa ganzi, nikiogopa kwamba nikiuvuta hatarudi tena.

Tangu siku hiyo ni mbwa wangu.

Lakini si wangu kwa karatasi. Kwa karatasi ya akina Bibi Margit, unapewa mbwa kwa majaribio ya wiki sita, kisha wanakuja kukagua. Jana Jumamosi ndiyo walikuja, yeye na mwenzake mmoja mwenye daftari, asiyesema neno.

Nilideki nyumba mara mbili. Najichukia hata kwa hilo.

Walikagua kila kitu. Walifunua sufuria. Walipima kwa macho urefu wa ua. Waliuliza mbwa anapata nyama kiasi gani kwa siku, nami nikajibu kwamba anapata ugali na dagaa, ninachokula mimi. Yule mwenye daftari akaandika. Nilitamani kumwambia aandike pia kwamba mwalimu mwenyewe mara ya mwisho kula nyama ilikuwa Pasaka.

Nilipokuwa nimesimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi, nilimkumbuka mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimpokea ana miezi minane. Aliletwa kwa basi kutoka Iringa, mgongoni mwa mama ambaye si ndugu yetu, mama mwema tu aliyekuwa anakuja huku. Sasa yuko sekondari, anakaa bwenini. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuja na daftari kuuliza kama mtoto yule anakula, anapigwa, au analala wapi. Kwa mbwa wamekuja wawili na gari.

Hata hivyo nilivumilia. Nilimtaka Oto. Na ukaguzi ulikuwa unaelekea kuisha vizuri. Bibi Margit alichungulia uvunguni, akaona gunia nililomtandikia na blanketi la zamani la mume wangu, akatabasamu. Alishika kalamu kutia sahihi.

Ndipo akaingia Ngonyani.

Ngonyani ni dereva wa trekta, anaishi ng'ambo ya ua wangu. Ni Mngoni wa Songea. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na mtani habishi hodi. Huingia jikoni, hufunua chungu, hukutukana mbele ya wageni, na wewe ukinuna umeshindwa. Dawa yake ni moja tu, umrudishie tusi kubwa zaidi. Babu zake na babu zangu waliuana sana zamani. Sisi tumebakiwa na matusi, na ni biashara nzuri kuliko ile ya kwanza.

Wala si matusi tu. Mume wangu alipofariki, Ngonyani ndiye aliyechota maji, aliyepasua kuni, aliyeshika jembe la kwanza kaburini. Siku ya tatu alivaa koti la marehemu akatembea uani kwa ule mwendo wa mume wangu wa kuburuta mguu wa kushoto, akadai chai kwa sauti ya marehemu. Wafiwa wote tulicheka tukilia. Bila kicheko kile nadhani ningezikwa naye.

Sasa Wahehe tunataniwa kwa jambo moja nchi nzima, kwamba tunakula mbwa. Sijapata kula mbwa. Mama yangu hajapata kula mbwa. Lakini nimetaniwa hivyo tangu chuo cha ualimu, nami nimezoea kama jina la ukoo.

Ngonyani akasimama mlangoni na buti zake za matope, akawatazama wageni, akamtazama mbwa kule uvunguni. Akasema, "Mmechelewa, mama zangu. Huyu Mhehe alikuwa anangoja anenepe tu. Hiyo ni kitoweo ya Saba Saba hiyo."

Nami, bila kufikiri, nikamjibu, "Tulia mtumwa wangu. Nimekuwekea kichwa na utumbo. Paja haliwafai watu tuliowapiga."

Tukacheka. Tulicheka sisi wawili.

Bibi Margit hakucheka. Kiswahili chake ni safi, kimenyooka kuliko cha wanafunzi wangu, na alielewa kila neno. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, je, maneno hayo ni ya kweli?"

Hapa ndipo ninapojichukia.

Ningeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini Ngonyani alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anangoja kuona kama nitanywea. Mhehe anywee mbele ya Mngoni? Nikasema, "Kweli kabisa, Bibi. Karibu nawe Saba Saba, tutakutilia pilipili."

Mdomo huponza kichwa. Wangu umekiponza cha mwingine.

Yule mama alipiga magoti na sketi yake, akaingiza mkono uvunguni, akamvuta Oto kwa ukanda wa shingo. Oto hakubweka. Alijikojolea tena, sakafu niliyoideki mara mbili. Alinitazama. Mbwa aliyetumia wiki tatu kabla hajaweza kunitazama, alinitazama akisubiri nifanye kitu, na mimi nilikuwa bado nina kipande cha kicheko mdomoni.

Nikaanza kueleza. Nikasema huyu ni mtani wangu, Bibi, haya ni maneno ya utani. Akauliza utani ni mzaha? Nikasema si mzaha tu, ni zaidi ya mzaha. Akasema, "Kwa hiyo kuna ukweli ndani yake." Miaka tisa yuko nchi hii. Miaka tisa, na hajapata kuwa na mtani hata mmoja wa kumwambia kwamba sketi yake inafanana na pazia.

Ngonyani naye akaanza kuapa kwa jina la mama yake kwamba alikuwa anatania. Akawa anaapa huku anacheka kwa wasiwasi, na kadiri alivyocheka ndivyo Bibi Margit alivyozidi kumkumbatia mbwa.

Akanipa masharti akiwa ameshika mlango wa gari. Mwisho wa mwezi anakwenda kwao likizo ndefu, na mbwa waliobaki bila nyumba wanachomwa sindano na bwana mifugo. Bwana mifugo anakuja Jumanne. Nikimtaka Oto, nilete barua kabla ya hapo. Niandike na kutia sahihi kwamba mimi sili mbwa wala hakuna mtu wa nyumba yangu anayekula mbwa. Na yule bwana, yaani Ngonyani, aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba alichosema ni uongo.

"Nisipoleta?" nikauliza.

"Ni afadhali alale kwa amani kuliko..." akasema. Hakumalizia. Hakuona haja.

Yaani kuuawa kwa sindano ndiyo amani. Kulala juu ya blanketi la mume wangu, kwa Mhehe, ndiyo hatari.

Nilipobaki peke yangu nilideki mkojo. Nilideki kwa nguvu mpaka nikachubuka kidole. Nikaapa sitaandika. Mimi ni mwalimu wa miaka kumi na nne. Nimefundisha watoto wa makabila mengi ya nchi hii kusoma na kuandika. Nikae chini, nichukue karatasi ya mistari, niandike kwamba sili mbwa? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hakuna aliyemwandikisha yule bwana wa tumbaku barua ya kueleza anakula nini, na yeye ndiye aliyemfunga mbwa kwenye nguzo akapanda ndege.

Usiku ule sikuwasha hata taa. Nililala mapema, nikawa nanyoosha mkono chini ya kitanda kama mpumbavu, napapasa gunia tupu.

Leo kanisani mahubiri yalipita juu ya kichwa changu. Nilikuwa nahesabu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mbwa anayeogopa mnyororo wa baiskeli, Jumanne atashikwa miguu na mtu asiyemjua, na jambo la mwisho analokumbuka juu yangu ni kicheko.

Basi nimerudi nikaandika.

"Mimi, Agnesi Kalinga, mwalimu, natamka kwa akili timamu kwamba sili mbwa, sijapata kula mbwa, na hakuna mtu wa nyumba yangu anayekula mbwa."

Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa ubaoni. Herufi zimekaa sawa zote. Nilipomaliza nilikwenda nje nikatapika kweli, chai na andazi la asubuhi, kwenye maharage yaliyoungua.

Kisha nikamwita Ngonyani.

Alikuja akiwa tayari na lake. Alidhani akinichekesha yataisha. Akasema, "Mimi nitaandika kwamba mlaji ni mimi. Wewe safi. Wangoni ndiyo tunamalizaga mbwa zote za Mbeya." Wakati mwingine ningeanguka kwa kicheko. Lakini aliniona uso wangu, akaona na karatasi. Akavua kofia. Sijawahi kumwona Ngonyani amevua kofia ndani ya nyumba yangu isipokuwa siku ya msiba.

Nikampa kalamu.

Niseme jambo jingine hapa, maana ndilo linalonichoma. Mwaka juzi Ngonyani hakujua kuandika hata jina lake. Mimi ndiye niliyemfundisha, darasa la jioni la elimu ya watu wazima, mikono yake mikubwa ikivunja penseli moja baada ya nyingine. Nilimwahidi kwamba siku moja ataandika barua yake mwenyewe, kwa mama yake Songea. Bado hajaiandika. Barua yake ya kwanza maishani ameiandika leo mezani kwangu, kwa Bibi Margit.

Alichukua muda mrefu. Ulimi ulitoka pembeni ya mdomo. Nilimwacha, sikumsahihisha.

Ameandika hivi: "Mimi Ngonyani nilisema uongo. Mwalimu hali mbwa. Mwalimu ni mtu mzuri."

Hakuna aliyemwomba hilo la mwisho.

Kwa miaka yote ya ujirani wetu Ngonyani ameniita mtumwa, mwizi wa ng'ombe, mchawi wa Kihehe, na mjane aliyemchosha mume. Hajawahi kunisema vizuri hata mara moja, na ndivyo nilivyojua kwamba ananijali. Leo kaniita mtu mzuri, kwa maandishi, mbele ya Mzungu, na sijapata kuumia namna hii kwa tusi lolote.

Alisimama, akasema, "Haya, Mwalimu. Mungu asaidie." Akapita langoni, akalifunga taratibu, yeye ambaye siku zote huruka ua.

Nikamfuata mpaka kizingitini. Nikapaza sauti, "Wewe mtumwa, mwandiko wako kama kuku amepita kwenye majivu!" Nilisema kwa nguvu ili asikie vizuri.

Alinyanyua mkono bila kugeuka. Hakunirudishia.

Nimebaki na barua mbili mezani, na gamba la kinyaa kooni. Nimekinai wema unaopimwa kwa daftari. Nimekinai pia ujeuri wangu, wa kutaka kushinda utani hata pale ambapo kuna roho ya kiumbe mezani. Sijui kipi kinachefua zaidi.

Kesho nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Nitapanda gari la kwanza kwenda mjini, nitapiga hodi kwa Bibi Margit, nitampa hizi karatasi kwa mikono miwili na nitamwita mama. Atazisoma mbele yangu na nitasimama azimalize. Akitaka nile kiapo, nitakula. Nikishamkamata Oto mikononi, nitaondoka bila kuaga, na hapo ndipo adabu yangu itakapoishia.

Mbwa nitarudi naye, hilo nina hakika nalo. Atakaa tena uvunguni wiki tatu, nami nitamngoja.

Lakini Ngonyani akirudi kutoka shambani kesho jioni na trekta lake, akanikuta nimesimama hapo uani, tutaambiana nini?